Kombe Walipopanda Juu ya Tope

Mama yangu hakuwahi kutafuta kombe kwa macho. Aliwatafuta kwa kisigino. Anaingia kwenye tope, kanga ameifunga juu ya magoti, anatembea polepole, na mguu ukigusa kitu kigumu anasimama, anazungusha kisigino kidogo, halafu anainama. Hakosei. Jiwe analijua, gamba tupu analijua, na kombe mzima anamjua kabla hata mkono haujafika. Mimi niliyezaliwa na yeye mwenyewe, hadi leo nikikanyaga jiwe nainama, na wanawake wote wananicheka.

Nina banda la chakula karibu na geti la bandari ya Mtwara. Wateja wangu ni wapakiaji wa magunia ya korosho na madereva wa malori, wengi wao watu wa bara, na ukiwawekea kombe kwenye mchuzi wanakuuliza kama umewapikia konokono. Nilishachoka kubishana nao. Nawapikia maharage na samaki wanaowajua. Kombe ambao mama alikuwa akinitumia kwenye ndoo nilikuwa nawala mwenyewe na wanangu, nyumbani kwangu Mtawanya, na tulikuwa tunafyonza mpaka magamba. Nasema haya mapema ili ijulikane kwamba uchungu nilionao si wa biashara.

Kijiji chetu kiko kusini, karibu na mahali Ruvuma inapoingia baharini. Ni watu wa mikorosho na mihogo kwanza. Wanaume wachache wana nyavu, nao wanakwenda huko nje kwenye maji makubwa. Wanawake wana hori, yaani ule mkono wa bahari unaoingia ndani katikati ya mikoko. Maji yakipwa, tope linabaki wazi, na kwenye tope hilo kuna kombe, wale wenye gamba nene la mistari. Mama alikuwa akiliita shamba. "Nakwenda shambani," anasema, na usipomjua utadhani anakwenda kwenye mihogo.

Shamba lile likaanza kuchoka. Sikumbuki lilianza lini, maana vitu vya namna hiyo haviji kwa siku moja. Nakumbuka tu kwamba ndoo aliyonitumia ilikuwa inazidi kuwa nyepesi, na kombe wenyewe wakawa wadogo hata kuwafungua ikawa kujitafutia kazi. Nilimpigia simu nikamwambia asijisumbue. Akaniuliza kama nimeshiba huko mjini. Ndivyo alivyo. Ukimhurumia anakutafutia neno.

Alikuwa amesikia kwamba kuna vijiji vya pwani vinavyofunga miamba ya pweza kwa miezi kadhaa, hakuna anayegusa, halafu siku ya kufungua wanapata pweza wakubwa ajabu. Akasema kama pweza wanakua wakiachwa, kombe wana kasoro gani. Akawaita wanawake uani kwake, akawapikia chai ya maziwa, akawaeleza: tangu msimu wa korosho hadi masika yaishe, hakuna mguu kuingia kwenye shamba. Tutafungua kwenye bamvua kubwa la baada ya mvua, maji yatakapokupwa mbali, na tutawaalika wenzetu wa kijiji cha jirani waje kuona.

Aliyepinga alikuwa shangazi, dada wa marehemu baba. Hao wawili wamekuwa mawifi tangu kabla sijazaliwa, na sijawahi kuwasikia wakikubaliana hata juu ya chumvi.

"Wifi, bahari haina ntu," shangazi akasema. "Tukiacha sisi, watachukua wengine."

"Tutalinda."

"Na tusipopata?"

"Msipopata nilaumuni mimi," mama akajibu. "Mkitoka hapo nkasema yule nzee alitulaza njaa, mtakuwa mmesema kweli."

Jina lake likawa limewekwa rehani mbele ya watu wote. Wakapigilia miti kuzunguka shamba, wakafunga vipande vya kanga kuukuu kwenye kila mti. Wakakubaliana pia namna ya kufungua, kama ilivyokuwa zamani za bibi yangu: mkubwa wao anaingia wa kwanza, anamtoa kombe mmoja, anamrudisha mahali pake, ndipo wengine wanaingia kwa mstari mmoja, bega kwa bega. Mkubwa huyo angekuwa mama. Hakusema kwamba anaisubiri siku hiyo, lakini alinunua kanga mpya na kuikunja kwenye sanduku, na kanga mpya mama yangu hanunui hivi hivi.

Miezi ile ilikuwa migumu. Wanawake walikula mboga za majani, na siku nyingine walikula ugali na maji ya chumvi, huku kombe wako pale pale kwenye tope. Kuna waliojaribu kuingia wakati wa jua kali wakidhani watu wamelala. Mama alikuwa amekaa chini ya mkoko na ufito. Nilimwambia kwenye simu kwamba anajitafutia maadui uzeeni. Akasema maadui anao tayari, anataka sasa awape chakula.

Na kombe walikua. Nilikwenda kumsalimia kabla masika hayajaanza, akanipeleka ukingoni, akaingiza mkono mara moja tu, akatoa mmoja aliyejaa kiganja. Akanionyesha, akamrudisha, akapapasa tope juu yake kama anavyopapasa udongo kwenye pingili ya muhogo aliyoipanda. Sikumbuki kumwona na furaha ya namna ile tangu baba afariki.

Masika ya mwaka huo yalikuja kwa fujo. Ruvuma ilifurika ikaleta kila kitu: majani, mabua, samadi ya ng'ombe wa watu tusiowajua, udongo mwekundu wa huko juu. Barabara ya kijijini ikakatika, ikapitika kwa pikipiki tu. Maji ya hori yakawa ya rangi ya chai ya rangi, na pale mdomoni, mahali hori inapokutana na bahari, mto ukarundika fungu la mchanga ambalo halikuwapo. Maji ya kutoka na kuingia yakabaki na njia nyembamba tu.

Halafu mvua ikakatika ghafla. Jua likatoka, upepo hakuna, joto la kukufanya ukae mlangoni na kujipepea kwa sinia. Zikafika siku za maji mafu, zile siku ambazo bahari haipandi sana wala haishuki sana. Kwa kawaida hizo ni siku za kupumzika tu, watu wanafuma mikeka na kusuka nywele. Mara hii maji ya hori yalisimama yakatulia kabisa. Yakaanza kunuka yai viza.

Shangazi hanipigii simu ila kuna msiba au kuna lawama. Asubuhi hiyo nilikuwa nakaanga vitunguu. Akasema, "Njoo uongee na mama yako. Kombe wametoka wenyewe, wamejaa juu ya tope, na yeye anakataa tusichukue."

Nilimwachia msaidizi wangu masufuria, nikapanda pikipiki, nikaenda na aproni yangu kiunoni.

Nilichokikuta sijakiona kabla ya hapo na sitaki kukiona tena. Ukingo wote wa shamba ulikuwa na kombe. Hawakuwa ndani ya tope, walikuwa juu yake, wamelala ubavu, maelfu, magamba yamefunguka kidogo na ule ulimi wao wa nyama wanaochimbia umening'inia nje. Katikati yao kulikuwa na minyoo mirefu, ile ambayo wavuvi wanatoka jasho kuichimba kwa ajili ya chambo, sasa imejilaza yenyewe. Viti vya pweza, wale viumbe wenye umbo la nyota, vilikuwa vimejikunja ncha za mikono. Kaa walikuwa wamepanda kwenye mizizi ya mikoko, wamepangana mmoja juu ya mwingine, na nilipopita hawakukimbia. Mtu aliyelelewa pwani anajua kwamba kaa asiyekimbia ana jambo.

Wanawake walikuwa wamesimama na ndoo na vikapu, wamechangamka. Walikuwa wanasema ni neema. Walisema shamba limejaa mpaka chini hakuna nafasi, kombe wakubwa wamewasukuma wenzao nje. Na mimi, nisiwe mnafiki, niliona maneno hayo yana akili. Miezi yote ile ya njaa, watu wameacha, wamevumilia, na sasa vitu vyenyewe vimekuja juu. Nani angefikiria vingine?

Mama alikuwa amesimama mbele yao na ufito wake.

"Bamvua bado," alikuwa akisema. "Tulisema bamvua. Wenzetu tumewaalika bamvua. Leo mkichukua, siku hiyo watakuta nini?"

"Watakuta wengine," shangazi akasema. "Wifi, ntu akiletewa chakula mlangoni hafungi mlango."

"Hawajaletwa. Wamepotea njia. Mvua imelegeza tope, wameng'oka." Akanigeukia. "Na wewe umekuja na hasira zako? Hebu shuka, vua viatu. Jua likipanda litawaua hawa."

Akapiga magoti kwenye tope. Akachukua kombe mmoja, akatoboa shimo kwa vidole viwili, akamsimamisha humo, mdomo juu, akamfunika. Akachukua wa pili. Akamweka karibu na wa kwanza, nafasi ya kiganja kati yao. Akachukua wa tatu. Alikuwa anawapanda. Miaka yote ya maisha yake amepanda mihogo. Mvua ikiing'oa pingili, unairudisha, unaishindilia, na kesho yake imeshika. Hakuna mtu aliyekuwa amemfundisha vingine. Mwanamke wa pwani tupu, asiyejua jembe, pengine angewatazama tu. Sisi ni wakulima, na mkulima akiona kitu kimetoka ardhini anakirudisha.

Wanawake walitazamana. Kisha mmoja akaweka ndoo chini akapiga magoti. Akafuata mwingine. Nafikiri walimwonea huruma kumwona mtu mzima yule anatambaa peke yake, na pengine walikumbuka ahadi yao. Mimi nikaingia na aproni yangu. Shangazi alisimama ukingoni kwa muda mrefu, amekunja mikono, halafu akaingia akinung'unika, na akapanda mstari wake ulionyooka kuliko yetu sote, kwa kiburi tu.

Mimi ni mpishi, na kuna kitu vidole vyangu viliona. Kombe mzima ukimgusa ulimi anafunga gamba kwa nguvu, anaweza kukubana kucha ukalia. Hawa walikuwa wanafunga polepole sana, na wengine hawakufunga kabisa.

"Mama," nikasema, "hawa wamechoka."

"Umechoka wewe," akasema. "Kaa kwenye masufuria yako huko, ukija hapa unalalamika."

Wanawake wakacheka, na mimi nikacheka. Tulifanya kazi mpaka maji yalipoanza kutulowesha magoti, hayo maji yenyewe ya moto kama ya kuogea mgonjwa. Tulipotoka, ukingo ule wote ulikuwa msafi, hakuna kombe hata mmoja juu ya tope. Mama alisimama akatazama kazi yetu, tope mpaka kwenye kope, akasema Alhamdulillahi. Akatushukuru mmoja mmoja, hata shangazi.

Kesho yake nilirudi kazini. Aliyenipigia simu alikuwa mama mwenyewe, na hakusema salamu.

"Wamekufa," akasema.

Nilikwenda tena. Harufu niliikuta barabarani, kabla hata ya kuiona mikoko. Tope lilikuwa limekuwa jeusi, na juu yake kuna utando mweupe kama wa maziwa yaliyoharibika. Ukichimba popote unatoa kombe aliyeachama, nyama yake imekuwa uji. Minyoo imekufa, viti vya pweza vimeyeyuka, majongoo bahari yamekuwa makamasi. Kaa waliopata nguvu walikuwa wamefika mpaka kwenye ua wa watu, wanatembea kati ya kuku. Kunguru hata hawakula sana. Walishuka, wakadonoa, wakaondoka.

Siku ya bamvua ilipofika, wenzetu wa kijiji cha jirani walikuja. Hakuna aliyekuwa na ujasiri wa kwenda kuwaambia wasije. Walikuja wamevaa vizuri, na ndoo zao, wakiimba njiani. Mama alivaa ile kanga mpya, akasimama mbele yao kwenye harufu ile, akawaambia kombe wamekufa wote, tusameheane. Akawapikia mihogo na kunde. Walikula kwa adabu, wakasema pole, wakaondoka na ndoo tupu. Wakati anaosha sufuria, shangazi akamwambia mbele yangu, kwa sauti ya chini kabisa, "Ungetuachia siku ile, angalau watoto wangekula." Mama aliendelea kusugua sufuria ambayo ilikuwa imeshatakata.

Maneno yakaanza. Wengine walisema ni salfa, ile dawa ya kupulizia mikorosho, imesombwa na mvua. Wengine walisema kuna mtu ametupia kitu kwa sababu ya wivu. Wengine walisema ni mama mwenyewe, aliifunga bahari, na bahari haifungwi. Hayo ya mwisho ndiyo yaliyoniuma, kwa sababu waliyasema watu ambao nilipokuwa mdogo walikula kwenye sahani moja na sisi.

Baadaye akaja afisa uvuvi, dada mmoja wa makamo kutoka kanda ya ziwa. Wazee wakamwita bibi samaki, kama wanavyomwita mwenzake wa kilimo bibi shamba, naye hakukasirika. Alikwenda kwenye hori na kifaa chenye waya mrefu, akakishusha kwenye maji juu, akakishusha chini, akaandika. Akaomba wanawake wakusanyike. Tukakaa kwenye baraza la ofisi ya kijiji. Nilifunga banda langu siku hiyo, nilitaka kusikia mwenyewe.

Alieleza vizuri, bila kujikweza. Alisema viumbe wa chini ya maji wanavuta hewa kama sisi, ila wao wanaivuta ile iliyochanganyika na maji. Mto ulileta majani na samadi na uchafu mwingi, na uchafu ukioza unaila hewa hiyo. Maji yakisimama, yakipata joto, na mlango wa bahari ukizibwa na mchanga, hewa mpya haiingii. Inaanza kuisha chini kabisa, kwenye tope, na kupanda. Alisema kwao ziwani amewahi kuona samaki wakija juu kwa namna hiyo hiyo.

"Samaki ana mapezi, atakimbia," akasema. "Kombe atakwenda wapi? Anachoweza ni kujisukuma atoke kwenye tope, apande juu hata kidogo, kutafuta hewa. Mkiona kombe wametoka wenyewe, mnyoo umetoka, kaa amepanda mti, mjue huko chini pumzi imekwisha."

Nilimtazama mama. Alikuwa amekaa mbele, mgongo umenyooka, mikono mapajani. Wanawake wote walikuwa wanatazama sakafu.

"Mwanangu," mama akasema. Hakusimama. "Waliotoka juu walikuwa wanatafuta pumzi?"

"Ndiyo, mama."

"Na akirudishwa chini?"

"Chini ndiko kubaya zaidi, mama. Huko hakuna kitu kabisa." Bibi samaki alituangalia, akaona nyuso zetu. "Kwani kuna waliorudishwa?"

Kisha shangazi, ambaye alikuwa na kila haki ya kusema, ambaye kwa miaka yote hiyo hajawahi kukosa nafasi ya kumnyooshea mama kidole, akakohoa akasema, "Hapana, mwanangu. Tulikuwa tunauliza tu."

Ningembusu shangazi pale pale. Lakini mama alitikisa kichwa.

"Wifi yangu ananificha," akasema. "Niliwarudisha mimi. Na hawa nikawaamrisha. Tukawapanda wote, hatukubakisha."

Bibi samaki aliweka kalamu chini. Alikuwa na moyo, hilo nitamsifia daima. Alikuja akachuchumaa mbele ya mama, akamshika mkono, akasema, "Mama, nisikilize. Hata mngewaacha, wangekufa. Maji yote yalikuwa yameharibika, juu na chini. Hakuna ulichokibadilisha."

"Wangekufa wanatafuta," mama akasema. "Mimi niliwaziba."

Tangu siku hiyo mama yangu hajaingia kwenye tope.

Nimemgombeza. Mimi nikiwa na huzuni nagombeza, sina namna nyingine. Nimemwambia hakujua, wote hatukujua, hata wenye vyeti wangeweza kukosea. Nimemwambia kombe ni kombe, tunawachemsha kila siku wakiwa hai na hatujawahi kulia. Akasema hiyo ni kweli. Akasema unapomchemsha kitoweo unajua unafanya nini, na unasema bismillahi. Akasema siku ile alifanya kwa huruma, na hilo ndilo asiloweza kulimeza. Nikaondoka nikiwa nimekasirika, nikalia kwenye pikipiki mpaka Mtwara, na dereva akajifanya hasikii.

Wanawake wamelitoboa lile fungu la mchanga kwa majembe, na bahari inaingia na kutoka tena. Bibi samaki amesema watoto wa kombe wanaweza kuja na maji kutoka kwingine, wakatua, lakini itachukua muda, na mvua kama ile ikirudi na joto kama lile, hatawadanganya. Shangazi ndiye aliyekuja kwa mama na wenzake kumwomba apange siku ya kufunga tena. Alikuja na vipande vya kanga, ameshavichana tayari. Mama aliwakaribisha, akawapa chai, akasema wamtafute mwingine. Shangazi akasema hakuna mwingine. Mama akasema basi wewe. Na shangazi, mbishi wa maisha, akainama akafuta macho kwa vile vipande vya kanga.

Juzi juzi kwenye bamvua nilimbembeleza tutembee tu mpaka ukingoni, tusifanye kitu, tutazame. Alikubali, nadhani kwa kunichoka. Maji yalikuwa yamekupwa mbali, na tope lilikuwa limerudi rangi yake, halinuki. Miti ile ya kufungia mingine imeanguka. Mama alisimama mahali mchanga unapoishia, ndala miguuni, hakusogea.

"Ingia wewe," akasema. "Kanyaga uone."

Nilivua viatu nikaingia. Nilitembea kama yeye, polepole, na mguu ukagusa kitu kigumu. Nikasimama, nikazungusha kisigino. Nikainama, nikaingiza mkono. Lilikuwa gamba, pande zote mbili zimeshikana bado, limejaa tope ndani.

"Jiwe?" mama akaniuliza kutoka ukingoni.

"Gamba tupu."

"Limelala?"

Nilitaka kusema limelala. Lakini nilikuwa na mkono ndani ya tope, naye ananitazama, na mama yangu anaijua sura yangu kuliko ninavyoijua mimi.

"Limesimama," nikasema. "Mdomo juu."

Aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyeambiwa bei aliyoitegemea. Akageuka, akaanza kupanda njia ya nyumbani, bila kunisubiri. Nami nikatoka upesi nimfuate, na kila nilipoweka mguu nilikanyaga kombe mwingine, nafasi ya kiganja kutoka kwa mwenzake, mpaka mwisho wa mstari.